Meno ya Kupigia Tarumbeta

Polkerra, Australia Kusini
2 Mei 2024

Kaka Denzil,

Hujambo na vumbi lako la Kalgoorlie? Bosi naye hajambo? Mbwa mzee kama yule angekuwa wangu ningemlaza jikoni, si ndani ya gari bovu.

Nakuandikia kwa sababu simu kati yetu ni kazi bure. Wewe mashine za mgodini zilikumaliza masikio, na mimi siku hizi mdomo ukivimba natamka kama mlevi. Mara ya mwisho tulipigiana kelele weee, mwisho ukaniuliza nani amekufa.

Jambo lenyewe ni meno. Manne ya mbele, ya juu, yamekwisha. Daktari wetu wa meno, Dk. Huynh, amenionyesha picha: mizizi imeoza na usaha unakula mfupa. Lazima yang'olewe. Yeye anataka anipandikizie mengine. Skrubu inazamishwa kwenye mfupa, mfupa unaishika, kisha jino linafungwa juu yake na halitoki tena. Bei nilipotajiwa nilicheka kwa sauti. Serikali hailipii kitu hicho, na mshahara wa kantini ya shule unaujua.

Kwa hiyo natoa kiinua mgongo changu sasa, kabla ya kustaafu. Sheria inaruhusu kwa matibabu, ofisi ya kodi ikikubali. Nimefikiria vya kutosha. Sikuombi ushauri, nakuarifu tu.

Siku ya Anzac ilipita salama. Baridi ilikuwa kali na watu walijaa pale kwenye mnara wa wafu wa vita. Nilipiga tarumbeta kama kila mwaka.

Mdogo wako,
Glenys


Kalgoorlie
13 Mei 2024

Kipenga,

Ati ulipiga kama kila mwaka! Muongo mkubwa we. Mama Hocking aliniandikia siku ileile. Anasema uliinua tarumbeta alfajiri ile, watu wote wamevua kofia, ukatoa noti chache za kuwaaga wafu wa vita, kisha sauti ikakatika. Watu wakabaki kimya, wengine wakidhani ndiyo heshima yenyewe. Halafu mwenyekiti wa maveterani akaenda kuwasha kile kisanduku chao cha muziki kimalizie. Nimehuzunika. Na nimeudhika zaidi kwamba nimeambiwa na yule mjane jirani yako, si na wewe.

Sasa nisikilize. Hizo hela usiziguse. Umebakiza miaka minne ufike sitini, utazichukua bila kumpigia mtu magoti. Ukizitoa leo, uzeeni utakula nini? Mimi naishi kwa pensheni ya serikali na ladha yake naijua. Mwezi ukielekea mwisho nakula mkate na mayai ya kuku wangu, na kuku wenyewe wameshanichoka.

Ng'oa hayo manne, uvae meno bandia ya serikali, basi. Mama alivaa bandia mdomo mzima tangu arusi yake mpaka kaburini. Uliwahi kumsikia akilalamika? Hamna neno, ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Sisi akina Trembath si watu wa kulialia.

Tarumbeta waachie vijana. Umelipiga vya kutosha.

Kaka yako,
Denzil


Polkerra
26 Mei 2024

Kaka,

Uzeeni nitakula nini? Na sasa hivi nakula nini? Kila siku ya Mungu nawauzia watoto pasti za moto, ganda linakatika kwa raha, ndani nyama na viazi, harufu imejaa kantini nzima. Mimi nasimama kando nalowesha mkate kwenye supu. Sijauma pasti sijui tangu lini. Hesabu zako ni nzuri, kaka, lakini ni hesabu za mtu mwenye meno.

Kuhusu Anzac, ndiyo, nilikudanganya. Niliona aibu. Nilipokandamiza tarumbeta mdomoni nikalisikia jino moja likisogea, na maumivu yakapanda mpaka jichoni. Watoto niliowafundisha mimi mwenyewe walikuwa safu ya mbele wananitazama. Halafu kile kisanduku. Kaka, kile kisanduku kinakoroma! Wale vijana waliochongwa majina kwenye jiwe, na Trembath wawili wamo, wanaagwa na kisanduku kinachokoroma.

Meno bandia hayafai. Tarumbeta linalia kwa midomo, na midomo inaegemea meno. Meno yakichezacheza, sauti hakuna. Muulize yeyote kwenye bendi. Na usiniambie nimepiga vya kutosha. Nani alikupa kipimo? Kama ni kuuza pasti mpaka nifike sabini, nitauza.

Maombi nimeshatuma. Panapouliza sababu nimeandika ukweli mtupu: kwamba mimi ndiye mpiga tarumbeta wa Siku ya Anzac hapa Polkerra, na bila meno siwezi. Mwaustralia gani atakataa hilo? Wanataka pia barua ya daktari wa kawaida, kwa hiyo nilikwenda. Akaniuliza maumivu yakoje, nikamjibu hamna neno. Watu walikuwa wamejaa pale nje, sikutaka kumchosha.

Glenys


Polkerra
8 Julai 2024

Denzil,

Wamekataa.

Wanasema sheria ipo kwa ajili ya kuondoa maumivu, si kwa ajili ya muziki. Wameirudia barua ya daktari: mgonjwa hana malalamiko. Mgonjwa mwenyewe ndiye mimi, ninayejificha stoo katikati ya kazi kupaka ufizi mafuta ya karafuu ili niweze kurudi kwenye dirisha la kantini nikatabasamu mdomo umefumba.

Basi umeshinda. Nimeweka miadi hospitali ya serikali tarehe sita Agosti. Nimewaambia wayang'oe yote ya juu, mabovu na mazima, nivae bandia nimalizane na habari hii. Nimechoka.

Tarumbeta la Baba nimelifuta nikalirudisha kabatini. Nitampa binti mmoja wa bendi, ana pumzi nzuri.

Tafadhali usinijibu kwa furaha.

G.


Kalgoorlie
15 Julai 2024

Glenys mdogo wangu,

Hii nimeituma kwa posta ya haraka. Futa hiyo miadi. Ifute sasa hivi, halafu ndiyo ukae uendelee kusoma.

Lile tarumbeta si la Baba. Ni la Mama.

Baba hakujua kupiga hata mluzi. Mama alianza akiwa mtoto, wakati wa vita, bendi ilipobaki na wazee na watoto. Vita vikaisha wanaume wakarudi, lakini yeye hawakumtoa, maana alikuwa anawashinda. Kisha akachumbiwa na Baba. Babu, baba yake mzazi, akampa zawadi ya arusi, ile iliyokuwa ya kawaida enzi zao: akamlipia ang'olewe meno yote, mazima kabisa, awekewe bandia, ili mume asije akasumbuka na gharama za meno maisha yake yote. Watu walimsifu Babu kwa ukarimu. Ile picha ya arusi ambayo Mama kafumba mdomo, wewe siku zote ukisema anaona haya. Haikuwa haya. Vidonda vilikuwa havijapona.

Mimi nilijua nikiwa na miaka kumi na miwili, wewe ukiwa tumboni. Nilirudi shule mapema nikamkuta kwenye kibanda cha kufulia. Meno yake kayaweka kwenye kisahani cha sabuni, anapuliza tarumbeta. Mashavu yamejaa, shingo imesimama mishipa, na hakitoki kitu ila pumzi. Akajaribu tena. Akayavaa meno, akajaribu nayo, yakamponyoka. Ndipo akaniona. Akajifuta mdomo akasema, "Hamna neno, Denzil. Usimwambie mtu." Akaenda kukaanga nyama ya kondoo.

Sikumwambia mtu. Mwaka uleule nikaacha kujifunza tarumbeta, nikasema sina kipaji. Ukweli ni kwamba sikuweza kulishika mbele yake. Wewe ukaja ukalikuta kabatini, hujui hili wala lile, ukapuliza, likalia. Na kila Siku ya Anzac Mama alikuwa anasimama pale mnarani kafumba mdomo, anakutazama mpaka noti ya mwisho.

Na mimi nikakuandikia uvae bandia kama Mama. Mjinga mkubwa! Nilikuwa naufikiria uzee wako tu, jinsi unavyoweza kuwa kama wangu.

Rudi kwa daktari. Safari hii usimwambie hamna neno. Mwambie inauma. Mwambie inauma wapi, inauma vipi, unakula nini, unatafunaje, unajificha wapi na hayo mafuta ya karafuu. Waliojaa nje na wangoje. Kilio kikija, lia. Mama hakusema, na hakuna aliyemuuliza.

Denzil


Polkerra
4 Agosti 2024

Kaka yangu,

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama. Nilipofika kwenye kisahani cha sabuni nikakaa sakafuni. Nimemkasirikia Babu, nimemkasirikia Baba, nimekukasirikia na wewe kwa kunyamaza miaka yote hiyo, kisha nikakusamehe wewe peke yako. Nililitoa tarumbeta kabatini nikaliweka mezani. Mpaka leo liko mezani, nakula nalo.

Miadi nimeifuta. Na kwa daktari nimekwenda.

"Vipi leo, Glenys?" ananiuliza, macho kwenye kompyuta.

Kaka, mdomo ulifunguka wenyewe. "Hamn..." Nikauziba kwa mkono! Nikashusha pumzi nikasema, "Inauma, daktari."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya ile korona."

Akageuza kiti. "Mbona mara ile uliniambia huna shida?"

"Ule ulikuwa uongo wa kwetu," nikamwambia. "Tunalelewa nao."

Basi nikaanza, na nilipoanza sikuweza kusimama. Nilimwambia yote uliyoniorodheshea na mengine usiyoyajua. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, mwanamke mzima. Alinikagua, akanigusa tezi za shingo nikaruka. Akanipa dawa za usaha na kuandika barua ndefu. Dk. Huynh naye kaandika upya. Nimetuma. Safari hii tarumbeta sikulitaja hata kwa herufi moja.

Sasa zamu yako. Ukienda kliniki wakikuuliza habari za masikio, unawajibuje? Najua unavyowajibu. Nenda ukawaambie husikii.

Glenys


Kalgoorlie
19 Agosti 2024

Kipenga,

Hongera kwa kulia.

Masikio yangu ni mazima. Watu wa siku hizi wananong'ona, ndiyo shida. Wewe shughulika na mdomo wako.

Bosi anakusalimu.

D.


Polkerra
20 Novemba 2024

Kaka,

Wamekubali! Ningekuandikia mapema lakini kila kitu kilikwenda mbio. Hela ziliingia, nikazitazama kidogo, zikatoka. Kilichobaki usikiulize. Siku moja nitazeeka na nitajuta kidogo, naomba siku hiyo usiniambie nilikuonya. Mwalimu mkuu nimeshamwambia asiwaze kunitafutia mrithi wa kantini.

Yameng'olewa manne tu. Mengine ni yangu na yamebaki yangu. Skrubu nimeshawekewa. Niliogopa sana kwenye kile kiti, nikamwambia Dk. Huynh naogopa, akanishika bega. Unaona jinsi ninavyosema mambo siku hizi? Imekuwa kama ugonjwa.

Mfupa unahitaji muda ushike, kwa hiyo ni marufuku kupuliza chochote, hata mshumaa wa keki. Maana yake Anzac ijayo ni kisanduku tena. Nitakwenda, nitasimama mbele, nitakisikiliza kikikoroma mpaka mwisho. Lakini ni mara ya mwisho.

Watoto dirishani wananiuliza nilipigana na nani. Nawaambia mimi nina nafuu, wakamwone niliyepigana naye.

Glenys


Polkerra
12 Septemba 2025

Kaka,

Samahani kwa ukimya. Meno yalifungwa mwezi wa tano. Jioni ileile nilikula pasti nzima nimesimama dirishani kwangu, ganda na yote, na sikumgawia mtu.

Ila tarumbeta, kaka. Nilidhani meno yakirudi na sauti itarudi. Wapi! Midomo imesahau kila kitu. Siku ya kwanza nilitoa mlio wa ng'ombe anayezaa. Mama Hocking alifunga madirisha, na yeye ni mtu anayenipenda. Nilishtuka kweli. Nikawaza, nimekula uzee wangu ili nije kulia kama ng'ombe.

Kiongozi wa bendi alinijia kwa adabu, akaniambia yule binti mwenye pumzi yuko tayari, nisijisumbue. Nikamjibu kwamba nitajisumbua. Tumekubaliana anisikilize wakati wa Pasaka. Nikishindwa, namkabidhi binti kazi na tarumbeta lenyewe, kwa mikono yangu.

Kila siku nikitoka kantini nafanya mazoezi. Najua utaniuliza wapi. Kwenye kibanda cha kufulia. Noti za chini zimeanza kurudi. Za juu bado zinanikimbia, lakini nazifuata.

Aprili njoo. Kitanda nimeshakitandika.

Glenys


Kalgoorlie
2 Machi 2026

Kipenga,

Nitakuja. Nitavuka jangwa la Nullarbor na gari hilihili, na Bosi mbele. Tukifa njiani, kuku wapewe jirani.

Usitegemee nitasikia chochote. Nitatazama nyuso za watu, zitaniambia.

D.


Kalgoorlie
3 Mei 2026

Glenys mdogo wangu,

Tumefika. Bosi alitapika njia nzima, zile pasti ulizomfungia zilimshinda kwa umri wake.

Sasa nina la kukwambia, na ni vizuri niko mbali. Siku zote nilizokaa kwako ulikuwa unanipigia kelele, nami najibu "Eh?" Ukaniuliza mbona sivui kofia ya sufu hata mezani, nikasema baridi. Haikuwa baridi. Mwezi wa pili nilikwenda kliniki. Yule binti akaniuliza, "Masikio vipi, mzee?" Nikafungua mdomo niseme ile yetu, nikakukumbuka umejiziba kwa mkono. Nikamwambia, "Sisikii, mwanangu. Sijasikia ndege tangu nikiwa kijana." Wakanipa vifaa viwili vidogo vya masikioni. Vilikuwa chini ya kofia muda wote.

Nilitaka kukushtua siku ya kwanza. Lakini ukaingia jikoni na Mama Hocking, ukaanza kunisema, nikaona ningoje kidogo. Kwa hiyo nimesikia kwamba nakoroma kuliko kisanduku, kwamba shati langu linanuka mbwa, na kwamba mimi ndiye mtu unayempenda kuliko wote duniani. Shati nimelifua.

Pale mnarani watu walipovua kofia ilibidi na mimi nivue. Mama Hocking akaviona vile vifaa, akataka kusema, nikamkanyaga mguu.

Kisha ukainua tarumbeta la Mama. Nilikuwa nimekuzoea kimya, Glenys, wewe na dunia nzima. Nilijikaza. Noti ya kwanza ilitoka nikashika bega la mtu nisiyemjua. Nililia mbele ya Polkerra nzima, na sikujifuta. Niliwatazama wale watoto wa kantini safu ya mbele, hakuna aliyetikisika. Yule binti mwenye pumzi alikuwa anazihesabu noti zako kwa vidole, nadhani kwa wivu.

Noti ile ya juu, karibu na mwisho, ilikwaruza kidogo. Usibishe. Niliisikia. Na ile iliyofuata niliisikia imetulia, ukaishikilia, ukaishikilia, mpaka nikaogopa utaanguka. Mama alipuliza akaambulia pumzi. Wewe umemalizia.

Barua naziacha, mkono unauma. Ndiyo, nimesema unauma. Jumapili nitakupigia simu baada ya chakula cha mchana. Usipige kelele. Ongea tu.

Kaka yako,
Denzil